Henry Blogg, mvuvi wa kaa aliyerudi baharini



Leo sikuletei mtakatifu wa kalenda. Ukimtafuta Henry Blogg kwenye orodha ya watakatifu wa Kanisa hutampata, na mimi frateri sina mamlaka ya kumwingiza. Lakini kila mara nikisoma habari zake nashindwa kufunga kitabu nikalala. Huyu mzee alikuwa mvuvi wa kaa. Shule aliiacha akiwa na miaka 11. Aliishi maisha yake yote katika mji mmoja mdogo wa pwani. Na alipostaafu, ilihesabiwa kwamba yeye na wenzake walikuwa wamewatoa baharini watu 873.

Soma tena hiyo namba. Wengi wa watu hao hawakuwa ndugu zake, hawakuwa jirani zake, na wengine hata lugha yake walikuwa hawaijui.

Henry alizaliwa tarehe 6 Februari 1876 huko Cromer, mashariki mwa Uingereza, mji unaotazamana na Bahari ya Kaskazini. Mwanzo wake haukuwa wa kujivunia mbele za watu. Mama yake alimzaa bila ndoa, na wakati ule jambo hilo lilikuwa aibu kubwa, hivyo alilelewa kwa bibi yake. Shuleni alikuwa na akili, lakini wenzake walimwonea. Ninyi mliowahi kuitwa majina shuleni mnajua hiyo kitu inavyouma. Baadaye mama yake aliolewa na mvuvi, na huyo baba wa kambo ndiye aliyemfundisha Henry bahari: kutega kaa, kusoma upepo, kujua mkondo wa maji unakwenda wapi na unageuka saa ngapi.

Sasa ili uelewe maisha yake lazima uijue ile pwani. Mbele ya Cromer, mbali kidogo na nchi kavu, kuna mafungu ya mchanga yaliyojificha chini ya maji. Moja linaitwa Haisborough. Ukipita hapo siku shwari unaweza usijue kama kuna kitu. Usiku wa dhoruba, meli iliyopotea njia inakwama juu ya ule mchanga, na mawimbi yanaanza kuipiga kama mtu anayepasua kuni, mpaka inavunjika. Meli zilizofia pale ni nyingi sana.

Ndiyo maana katika miji ya pwani ile kulikuwa na mashua za uokoaji. Mwaka 1824 alikuwepo bwana mmoja, Sir William Hillary, aliyechoka kuona mabaharia wanazama karibu na nchi kavu huku watu wamesimama ufukweni wanatazama tu. Akahamasisha kuanzishwa kwa chama cha kitaifa cha kuokoa watu baharini, na chama hicho kipo mpaka leo, kikiendeshwa zaidi kwa michango ya watu wa kawaida. Waokoaji wenyewe wengi wao ni wa kujitolea. Yaani huyu ni mvuvi, yule ana duka, mwingine fundi. Wako kwenye shughuli zao, au wako kitandani, ishara ya kuwaita inatolewa, na kila mmoja anaacha alichoshika anakimbilia kwenye mashua.

Henry alijiunga nao mwaka 1894, akiwa na miaka 18. Kijana mwenzangu, miaka 18! Mwaka 1902 akawa msaidizi wa nahodha, na mwaka 1909 wenzake wakampa unahodha wenyewe. Kazi yake ya kumpatia ugali ilikuwa ileile ya kaa, na wakati wa kiangazi alikodisha viti vya kukunja kwa wageni waliokuja kupunga upepo ufukweni. Hakuwa mnywaji wala mvutaji. Na kuna jambo moja ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza: hakujua kuogelea.

Hebu tumfuate sasa mpaka tarehe 9 Januari 1917. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, vijana wa Cromer walikuwa wamekwenda vitani. Waliobaki kwenye mashua walikuwa wazee, baadhi yao wanakaribia miaka 70. Na mashua yao, Louisa Heartwell, haikuwa na injini. Ilikuwa ya makasia na tanga, na ilisukumwa majini kwa nguvu za watu waliosimama ndani ya maji ya baridi kali.

Siku hiyo upepo ulikuwa mkali mno. Meli ya Kigiriki, Pyrin, ilikuwa hatarini. Wazee wale walivuta makasia kwa masaa, wakaifikia, wakachukua watu 16, wakawaleta nchi kavu. Walipofika walikuwa wameisha kabisa, wamelowa, mikono imekufa ganzi. Kama ni mimi na wewe tungesema leo tumefanya sehemu yetu, asante Mungu, naomba chai.

Hawajapumzika vizuri, mlio mkubwa ukasikika. Meli ya Sweden, Fernebo, ilikuwa imegonga bomu la majini na kukatika vipande viwili. Kulikuwa na watu juu yake. Henry akawatazama wazee wake, na wazee wakapanda tena mashua. Bahari ikawakatalia. Walisukuma, wimbi likawarudisha ufukweni, wakashindwa hata kutoka.

Jioni ikawa usiku. Vipande vya Fernebo vikasukumwa mpaka karibu na pwani, kiasi cha watu kuviona kwa mwanga wa taa kubwa za jeshi. Juu ya kimoja walikuwa wamebaki watu 11. Walijaribu kuwarushia kamba kutoka nchi kavu, hazikufika. Henry akaomba ajaribu tena. Mashua ikatoka, ikafika katikati ya safari, wimbi likaipiga ubavuni: makasia mengine yakavunjika, mengine yakachukuliwa na maji. Wakarudishwa ufukweni mara ya pili.

Hapa ndipo ningependa usimame kidogo. Ni usiku, katikati ya majira ya baridi. Wazee hao wameshaokoa watu 16. Wameshashindwa mara mbili mbele ya mji mzima. Hakuna mtu hata mmoja ufukweni ambaye angewalaumu kama wangesema basi. Henry alikwenda kutafuta makasia mengine.

Wakatoka mara ya tatu. Wakafika. Watu wote 11 wakashuka wakiwa hai.

Kwa kazi ya siku ile Henry alipewa medali ya dhahabu ya chama cha uokoaji, na wazee waliovuta makasia wakapewa medali za shaba, aina mpya iliyoanzishwa mwaka uleule. Lakini mimi medali hazinipi shida. Kinachonisumbua ni ile safari ya tatu.

Miaka ikaenda. Cromer wakapata mashua ya injini, H F Bailey. Novemba 1927 meli ya mafuta ya Uholanzi iitwayo Georgia ilikatika vipande viwili, na kipande kimoja kikanasa Haisborough kikiwa na watu 15. Henry akaisogeza mashua yake mpaka ubavuni, kwenye maji yaliyokuwa yanachemka juu ya chuma kilichovunjika, akawatoa wote 15. Medali ya dhahabu ya pili.

Oktoba 1932 ikawa zamu ya meli ya Italia, Monte Nevoso. Mabaharia wengi waliokolewa, lakini nahodha na maofisa wachache walikataa kuiacha meli yao. Henry aliwapeleka nchi kavu aliowapata, kisha akarudi kuwaangalia waliokataa. Alipofika akakuta wameshaondoka kwa mashua yao wenyewe. Juu ya meli alikuwa amebaki mbwa mkubwa. Basi Henry akamchukua huyo mbwa, akampeleka nyumbani, akampa jina Monte kwa kumbukumbu ya ile meli. Habari hii nzuri ya kuwasimulia watoto wa Utoto Mtakatifu, lakini na sisi wakubwa inatufaa. Mtu aliyekataa msaada wako mara ya kwanza, je, unarudi kumwangalia? Au unasema alijitakia?

Desemba 1933, jahazi la mizigo liitwalo Sepoy lilikwama karibu kabisa na ufukwe wa Cromer. Watu wawili walikuwa wamepanda juu kwenye kamba za mlingoti wakingoja kufa, na mji wote unawaona. Henry alikuwa mbali siku hiyo, ameitwa kwenye kazi nyingine. Alipofika hakuona njia ya kukaa ubavuni mwa jahazi, kwa hiyo aliipandisha mashua yake juu ya jahazi lenyewe. Wimbi likaleta, mwenzao mmoja akamdaka mtu wa kwanza. Wakarudi nyuma, wakapanda tena juu, wakamdaka wa pili.

Sasa usifikiri nakusimulia habari za mtu ambaye kila kitu kilimnyookea. Nyumbani kwake, yeye na mkewe Ann walipata watoto wawili, na wote wawili waliwazika. Mmoja alikufa angali mdogo kabisa, mwingine, binti, akiwa msichana wa miaka ya ishirini na kitu. Mtu aliyewarudishia mama wengine watoto wao, wa kwake hakuweza kuwaokoa. Sina maelezo ya jambo hili. Nimesoma falsafa miaka mitatu na bado sina. Najua tu kwamba ishara ilipolipuliwa tena, alikwenda.

Vita Kuu ya Pili ikaja. Agosti 1941 msafara wa meli ulipotea njia katika hali mbaya ya hewa, na meli 6 zikapanda juu ya Haisborough. Mashua ya Henry peke yake ilitoa watu 88. Alikuwa na miaka 65. Medali ya dhahabu ya tatu.

Miezi miwili tu baadaye, Oktoba, meli iitwayo English Trader ilikwama kwenye fungu jingine la mchanga, ikiwa na watu 49. Watano kati yao walikuwa wameshachukuliwa na maji. Henry alifika, akangoja maji yatulie, hayakutulia, na mwisho akaamua kujaribu. Wakati mashua inasogea, wimbi likainuka kutoka ubavuni na kuilaza. Waokoaji watano wakatupwa baharini, Henry mwenyewe akiwa mmoja wao. Mzee wa miaka 65, asiyejua kuogelea, ndani ya Bahari ya Kaskazini.

Waliobaki ndani waliigeuza mashua na kuwaokota mmoja mmoja, wakaanza na nahodha wao. Wote watano walivutwa ndani. Lakini mmoja alikuwa amekaa majini muda mrefu, na hakupita muda akafariki mbele yao. Kamba ilikuwa imejifunga kwenye mashine ya kuendeshea, mashua inakwenda kwa shida, giza linaingia. Henry akafanya uamuzi ambao nadhani ulikuwa mgumu kuliko yote ya maisha yake: aliwaacha watu 44 wakiwa hai juu ya meli inayovunjika, akaenda bandari ya Great Yarmouth kupeleka maiti ya mwenzake na waliokuwa hoi.

Usiku ule sijui nani alilala. Kabla hakujapambazuka, watu walewale, katika mashua ileile, wakatoka bandarini. Walipofika bahari ilikuwa imepungua ukali. Ndani ya muda mfupi wakawashusha wote 44.

Mimi niliposoma sehemu hii nilikumbuka jambo langu mwenyewe, na nitawaambia ingawa si la kujisifia. Katika mwaka wangu wa uchungaji nilifuatana na Padre kwenda kigango cha mbali kumpelekea Komunyo mzee mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Tulipokuwa tunaondoka, mzee akaniomba nirudi nimsomee gazeti, maana macho nayo yalikuwa yamekwisha. Nikamwambia nitakuja Alhamisi. Alhamisi ikanyesha mvua. Alhamisi iliyofuata kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Ya tatu hata sikumbuki nilikuwa na nini. Siku moja katekista akaniambia kwamba mzee wameshamzika. Akaongeza, bila nia ya kunilaumu, kwamba mjukuu wake alikuwa akiweka kiti kando ya kitanda kila Alhamisi.

Nilikwenda mara ya kwanza, mnaona? Na ile mara ya kwanza nilipiga hata picha.

Kwenda mara ya kwanza kunabebwa na mambo mengi. Kuna msisimko, kuna wenzako, kuna watu wanaotazama. Mara ya pili huna msisimko, una baridi tu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya ushujaa ni kustahimili, kubaki imara mbele ya hatari, kuliko hata kushambulia. Darasani niliandika hayo nikapata alama nzuri. Henry Blogg hakukaa darasani tukafundishwa pamoja, lakini aliyajua kwa mikono yake. Naye Aristotle, kabla ya Thoma, alishasema kwamba fadhila haimwangukii mtu kutoka juu kama embe. Mtu anakuwa mwema kwa kurudia matendo mema mpaka yawe mwili wake. Mashua ya Henry ilitoka mara 387 katika miaka 53. Medali zake zilikuwa 7, tatu za dhahabu na nne za fedha. Fanya hesabu mwenyewe: safari karibu zote zilizobaki hazikuwa na medali yoyote. Nyingi ya aina hiyo huwa ni kutoka usiku, kulowa, kukuta hakuna wa kuokoa, na kurudi kutega kaa asubuhi.

Kumbukeni pia wale wavuvi wa Injili. Petro alikuwa amevua usiku kucha asipate hata dagaa. Nyavu ameshaziosha, amechoka. Bwana hakumwita wakati ana nguvu za jioni. Alimwambia arudi kilindini asubuhi, baada ya kushindwa. Na Petro, tunamjua, alikuwa na sababu nzuri za kukataa.

Kwetu tunao watu wa namna hii. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, waliofika mapema kabisa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. Wavuvi wale hawakuwa wamejiandaa kwa ndege. Walikuwa wamezoea ziwa, na walikwenda.

Henry Blogg alistaafu mwaka 1947, akiwa na miaka 71. Unahodha akamwachia mtoto wa ndugu yake, ambaye naye alikaa kwenye mashua hiyo miaka mingi. Mkewe alimtangulia mbele ya haki. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 13 Juni 1954, hukohuko Cromer alikozaliwa. Leo kuna sanamu yake juu ya genge, uso umeelekea baharini, na kuna jumba la makumbusho lenye jina lake. Mashua ya uokoaji ya Cromer bado ipo, na bado watu wa mji ule wanaacha walichoshika pale wanapoitwa.

Kwa hiyo wiki hii sitawapa novena wala orodha ndefu. Naomba kila mmoja wetu akumbuke mtu mmoja tu ambaye alikwenda kwake mara moja, kisha hakurudi. Labda ni mgonjwa. Labda ni rafiki aliyeacha kanisa, ukamshauri, akakujibu vibaya, ukamfuta kwenye simu. Labda ni baba yako. Labda ni kitubio: ulikwenda, ukaanguka dhambi ileile, ukaona aibu kurudi. Mtaje jina mbele ya Ekaristi, halafu nenda. Kama bahari itakutupa ufukweni, tafuta makasia mengine. Mimi nimeshachagua wangu. Mjukuu wa yule mzee bado anaishi kigango kilekile, na sijawahi kwenda kumpa pole.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyelala ndani ya mashua wakati wa dhoruba na ukaamka ulipoitwa, utupe moyo wa kuitika mara ya pili na ya tatu. Uwakumbuke wote wanaosafiri majini usiku huu, na wote wanaotoka nyumbani kwao kwenda kuwatafuta. Uwapokee waliozama bila kuonekana tena. Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Amina.

Tukutane tena wiki ijayo. Tumsifu Yesu Kristo!

Frateri wenu.